Askofu Halali Kifudifudi

Mbithi wa Mukuyuni alikuwa fundi hodari wa mbao, na uhodari huo ndio uliomharibia maisha. Majeneza yake hayakuwa na ufa hata mmoja, na familia zilijivunia kuzika na Mbithi. Lakini hebu jaribu kuwa Mbithi kwa siku moja tu. Akienda kumjulia hali mgonjwa, mgonjwa anaketi kitandani upesi na kudai kwamba amepona. Kanisani, mtu akishikwa na kikohozi, anajibana asikohoe upande wake. Aliwahi kutengeneza vitanda auze, lakini nani alale kwenye kitanda cha Mbithi? Viliishia chumbani kwake mwenyewe.

Kwa hiyo Syokau, mfanyabiashara wa ndengu kule Migwani, alipompigia simu kwamba anataka reli ya mbao kwa ngazi ya nyumba yake mpya, Mbithi alisimama wima katikati ya maranda. Ngazi ilikuwa ya zege na ilipanda ikipinda. Mama yake Syokau, mzee Mwongeli, aliogopa kuipanda bila kitu cha kushikilia, hivyo chumba chake cha juu kilikaa kitupu naye akilala sebuleni kwenye kochi. Syokau alieleza ugumu wa kazi yenyewe, lakini Mbithi hakuusikia. Alichosikia ni kwamba hatimaye mtu aliye hai ataweka mkono wake juu ya kazi yake. Alilitamani jambo hilo mpaka akajionea haya.

Alifika Migwani vyombo vyake vikiwa vimefungwa ndani ya leso ya mkewe, Wayua. Mwongeli alikuwa ameketi sebuleni akichambua mbaazi. Alipoona futi ikitolewa, aliinuka kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau, akaingia jikoni na kujifungia.

"Syokau!" akapaza sauti kutoka ndani. "Huyu si ni yule wa masanduku? Nani amemwita? Mimi sijakufa!"

"Mwaitu, amekuja kupima ngazi."

"Ngazi iko huko. Mbona macho yake iko kwangu?"

"Susu, bibi yangu, mimi napima ngazi peke yake," Mbithi alisema kwa upole, akiuelekea mlango uliofungwa.

"Pima, lakini hiyo kitu yako sitashika! Mtu akishika kitu ya Mbithi, anaenda."

Mbithi aliumia, tena sana, lakini alikuja kufanya kazi. Alihitaji kuchora mpindo wa ngazi kama ulivyo, na katoni ya kuchorea alikuwa ameisahau nyumbani. Kilichobaki ni leso. Nayo ilikuwa leso ya sherehe ya kanisa, vipande viwili ambavyo havijakatwa, na kila kipande kikiwa na uso mkubwa wa Askofu akitabasamu. Mbithi hakuwa mtu wa kumchora Askofu usoni. Aliigeuza leso, akaitandaza sakafuni kando ya ngazi, Askofu akitazama chini. Akateremsha timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma nchani, kutoka ukingo wa kila daraja, na kila ilipogusa akatia alama kwa kalamu nene ya wino, kisha akaziunganisha alama zote kwa mstari mmoja.

Wino ule ulipenya. Wayua alipoifungua leso nyumbani, alipiga yowe lililosikika mpaka sokoni.

"Baba Kasyoki! Umempasua Askofu shavu!"

"Nilichora nyuma, si mbele."

"Na hii imepita kwa mdomo ni nini?"

Mbithi alijaribu kuitandika karakanani vile vile alivyoichora. Wayua aliinyakua, akaigeuza, akailainisha kwa viganja. "Askofu halali kifudifudi kwa hii boma," alisema. "Atatandikwa akiangalia juu, kama mtu wa heshima."

Mbithi alimwogopa Wayua kuliko Askofu. Aliuangalia mstari, akaona unasomeka vizuri upande huo pia, akaanza kazi.

Na kazi aliifanya, asikudanganye mtu. Alipasua mbao ya mti wa mukau kuwa vipande vyembamba vinavyopindika. Alisimamisha nguzo juu ya mstari, kila moja ikiipita kidogo kwa urefu ile iliyoitangulia, akapaka vipande gundi na kuvikunja pamoja kuzifuata nguzo, vikipinda na kupanda kwa wakati mmoja. Vibanio vilipomwishia, alifunga kwa mipira ya magurudumu ya baiskeli. Jirani yake Mbaluka alisimama mlangoni akatazama kwa muda mrefu.

"Mbithi, huyu alikufa amekaa aje?"

"Hii ni reli ya ngazi."

"Ya ngazi. Sawa," Mbaluka akasema, akivua kofia. "Ambia familia pole."

Gundi iliposhika, Mbithi aliranda na kupiga msasa mpaka mbao ikateleza, akaipakia kwenye pikapu na kuipeleka Migwani akiishikilia njia nzima. Akaiinua kwenye ngazi.

Ngazi ilipanda ikipinda kulia. Reli ilipanda ikipinda kushoto.

Akabadilisha, ncha ya juu ikawa chini. Kushoto. Akaipindua tumbo likawa mgongo. Bado kushoto. Syokau alikunja mikono kifuani. Jasho likimtiririka, Mbithi akampigia mkewe simu.

"Wayua, ile siku, Askofu alikuwa ameangalia wapi?"

"Juu!" Wayua alijibu kwa fahari, sauti ikijaa sebule nzima.

Leso iligeuzwa, na mpindo ukageuka nayo. Mbithi aliketi sakafuni. Hapo kikasikika kicheko kutoka jikoni. Mlango ukafunguka, Mwongeli akatoka akijifuta machozi, akaja mpaka kwenye daraja la kwanza na kuketi karibu kabisa na yule aliyekuwa akimkimbia.

"Kwani wewe hujui kupima?"

"Susu, leo sijui."

"Ngai! Na vile nimekuogopa! Ngazi imesimama hapo, haikimbii, na imekushinda. Mimi nakimbia. Utaniweza?" Akamnyooshea mkono. "Haya, pima. Reli ijae hapa kiganjani, lakini isiwe nene."

Mbithi aliushika mkono ule. Aliozoea kuwapima walikuwa baridi. Huu ulikuwa na joto, na ulimpiga kofi dogo alipokawia. Alifurahi karibu alie.

Reli ya pili aliitengeneza Askofu akiwa amelala kifudifudi. Wayua alikubali kwa sharti kwamba sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni. Na reli ilipofungwa kule Migwani, iliifuata ngazi daraja kwa daraja. Mwongeli aliishika, akapanda polepole, na katikati ya mpindo akasimama kumtazama fundi aliyekuwa chini.

"Mbithi!"

"Susu."

"Siku yangu ikifika, sanduku yangu utatengeneza wewe. Sitaki mwingine."

Mbithi aliinamisha kichwa. Kumbe hata huku jeneza lilimfuata.

"Lakini upime na ile leso," Mwongeli akaendelea, "na Askofu awe ameangalia juu. Mkiniweka ndani yake, isinitoshee, nirudi zangu kulala."

Akageuka, akapanda kwenda chumbani kwake.