Ndege Isiyochakaa

Abiria wa mwisho alipokwisha kushuka, mama mmoja msafishaji alipanda ndege kubwa ya zamani, ile ya injini nne, akaanza kukusanya blanketi, vikombe na soksi zilizosahauliwa chini ya viti. Ndege ya pembeni, mpya, ya injini mbili, ilisafishwa na binti yake wa pekee. Wenzake walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza.

Kampuni ilikuwa inazilinganisha ndege hizo kabla ya kuamua ibaki na ipi. Zote zilikwenda safari ileile ndefu ya kuvuka bahari. Ya zamani ilibugia mafuta, na kila iliporudi mafundi waliikuta na ufa mpya. Ile mpya ilitumia nusu ya mafuta hayo na haikuchakaa hata kidogo. Rangi haikuchubuka, matairi hayakulika. Aliyechakaa ni Chiriku.

Kwanza aliota mvi. Kisha magoti yakaanza kumuuma. Mwaka haujaisha akawa rika moja na mama yake, wakawa wanaazimana miwani. Halafu akampita. Siku moja jikoni, bila kufikiri, mama akamwambia, "Shikamoo."

"Marahaba," Chiriku akajibu, akaendelea kumenya vitunguu. Wakacheka wote wawili. Mama ndiye aliyeacha kwanza.

"Acha ile kazi, mwanangu."

"Niache niende wapi? Nani ataajiri bibi kizee?"

Mama akamwendea mhandisi aliyesimamia ulinganisho. Mhandisi alikuwa mtu wa adabu, akamvutia kiti.

"Tunalijua hilo, mama. Ndege yoyote lazima ile kitu. Hiyo yako inakula mafuta, na mafuta ni ghali."

"Basi niweke mimi humo. Mtoto atoke."

"Tulishajaribu watu wazima. Iligoma kuwaka. Lakini ikipata kijana, inakwenda vizuri kweli. Kwa mwendo huu itaruka hata wajukuu zetu waipande."

"Wajukuu wa nani?" mama akauliza.

Mhandisi akasema hilo linahusu idara ya wafanyakazi.

Idara ya wafanyakazi ikamtazama Chiriku usoni, ikaona amepita umri wa kustaafu, ikamstaafisha kwa heshima zote. Pensheni hakustahili, kwa kuwa hakuwa ametumikia miaka inayotakiwa. Ndege ya zamani ikakatwakatwa ikawa vyuma chakavu, na mama naye akaambiwa abaki nyumbani.

Alibaki akimuuguza mwanawe. Alimnywesha uji, akamgeuza ubavu huu na ule. Chiriku hakuacha kuongea. Aliongea zaidi juu ya kijana waliyeahidiana naye kuoana, aliyekuja kumwona mara moja, akamwamkia kwa unyenyekevu, akamwita bibi.

Alifariki mchana, katikati ya sentensi.

Msibani alikuja shangazi wa mbali wa Chiriku, akakaa mkekani karibu na mama, akamshika mkono.

"Pole, wifi. Lakini nimemwona marehemu. Amekula chumvi nyingi."

"Alikuwa na miaka ishirini na mitatu," mama akasema.

Shangazi akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akasogea karibu zaidi na kuuliza kwa sauti ya chini kama ile nafasi ya kazi imeshapata mtu. Binti yake mdogo alikuwa amemaliza shule, na yupo tu nyumbani.