Kiti cha Wawili

Mke wangu alinipa sharti moja tu, na alilitoa akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, kwa hiyo sikubishana. Binti yetu alikuwa amejifungua, na anakoishi ni mbali, mwendo wa siku nzima. Kama nataka twende kwa pikipiki, sawa, ila ninunue ile ambayo yeye atakaa nyuma mpaka tufike bila kuvunjika kiuno. "La sivyo nenda peke yako," alisema, "na ukifika huko ubaki huko huko."

Nilijua hatanii. Tulikuwa tumefikia umri ule ambao watu wa nyumba moja huanza kusafiri kila mtu na njia yake, halafu wanazoea. Mimi sikutaka tuzoee. Nilimtaka mke wangu nyuma yangu, na makelele yake yote. Lakini pia nilitaka mbio. Nilitaka pikipiki ya kulala kwenye kona mpaka buti iguse lami. Nusu ya maisha yangu nimetengeneza lifti, chombo kinachopanda na kushuka palepale bila kona hata moja. Mtu wa kazi hiyo ana haki ya kutaka kona.

"Mtaka yote hukosa yote," shemeji yangu aliniambia. Huyo naye hajawahi kutaka chochote, ndiyo maana hana chochote.

Pikipiki ya kwanza kuiona ilikuwa ya mbio hasa, imeinamia mbele, dereva analalia tangi. Mke wangu alipopanda nyuma magoti yalimfika kwapani. "Hiki ni kiti au kipande cha sabuni?" aliuliza, akashuka. Ya pili ilikuwa pana, ina mgongo wa kuegemea na redio. Aliipenda papo hapo. Mimi niliizungusha uwanjani, na kila kona ilikuwa kama kuhamisha kabati kutoka chumba kimoja hadi kingine. Tulirudi nyumbani tumenuniana.

Ya tatu niliiona peke yangu, siku ambayo yeye alikuwa kwa mshonaji. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya dereva mmoja wa malori aliyestaafu, chini ya kibanda cha bati, imefunikwa kwa shuka la kitanda. Shuka lenyewe lilikuwa limepigwa pasi. Mzee alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka kwapani. Nikaona usukani ulioinuliwa kidogo ili mgongo usiteseke, kioo kirefu cha kukinga upepo, mabegi magumu pembeni, na katikati ya hayo yote injini ya mashindano. Kiti kilikuwa kirefu. Pale pa abiria ngozi ilikuwa imebonyea, imechukua umbo la mtu.

"Karibuni," alisema mzee. "Mmepata tabu kufika?"

Nilikuwa peke yangu, lakini nilifurahi. Nimeshakutana na watu wanaomwambia mtu mmoja "nyinyi" kwa heshima, nikasema moyoni kwamba kumbe adabu bado ipo duniani.

"Ijaribuni," akaendelea. "Mwende nayo polepole mpaka injini ipate moto."

Miguu yangu hujua lifti imebeba watu wangapi kabla kipimo hakijasema. Ndio ujuzi pekee nitakaozikwa nao. Sasa nilipotoka na ile pikipiki, miguu ikaniambia kuna uzito nyuma. Nikadhani ni mabegi. Nikasimama, nikayafungua, nikakuta matupu. Nikaendelea. Kwenye kona ya kwanza nilipoanza kuinama, ule uzito wa nyuma uliinama pamoja nami, tena ulinitangulia kidogo, kama mwenzako wa dansi anayejua hatua inayofuata. Sijawahi kukunja kona namna ile. Nilipiga kelele za furaha ndani ya helmeti, mtu mzima na mvi zangu.

Niliporudi, mzee hakunitazama mimi. Alitazama kiti.

"Safari zenu," aliuliza, "mtakuwa wawili tu?"

"Wawili tu, mzee. Watoto wameshakua."

Akashusha pumzi. "Basi kiti kitatosha."

Akanieleza kwa nini anaiuza: goti lake limekufa, hawezi tena kuisimamisha. Akanieleza habari za marehemu mkewe. "Yule alikuwa abiria, si mzigo. Njiani hasemi neno. Akitaka tusimame ananigusa bega la kushoto, basi. Watoto hatukujaliwa, lakini barabara tuliimaliza. Amefia kitandani, na kilichomuudhi ni kule kulala tu."

Nilimlipa, na wakati naitoa pikipiki, jirani mmoja aliyeshika mkongojo, mkongwe kuliko hata yeye, alikuwa amesimama katikati ya lango. Mzee akamfokea: "Wewe! Hebu toka hapo, watu wanapita!" Nilicheka nikaondoka.

Fundi wetu wa mtaani, tunayemwita Mbishi, aliibonyeza nyuma akakunja uso. Springi ilikuwa imeshuka kabla hajaigusa. Akaikaza mpaka mwisho. Kesho yake tukaikuta imeshuka tena. "Springi imezeeka," akakata shauri. "Ikae hivyo hivyo. Mbona wewe umezeeka na mkeo hajakubadilisha?"

Mke wangu alipoijaribu, nilisimama pembeni nikisubiri matusi. Alipanda, akajiweka sawa.

"Mbona kiti kina joto?"

Pikipiki ilikuwa kivulini tangu asubuhi. Kabla sijapata la kujibu, alijiachia nyuma kidogo, akafumba macho. "Kizuri," alisema. "Kama nimepakatwa."

Maneno hayo yalitosha kumtisha mtu mwenye akili. Lakini mtu aliyepata anachokitaka masikio yake huwa mazito. Nilienda kufunga mizigo.

Tuliondoka asubuhi. Mwanzoni alikuwa ni yeye kabisa: anawatukana wenye malori, ananifinya mbavu, kila kona "Unaniua! Unaniua, mwanamume wewe!" Huwa ananiudhi, na siku hiyo pia aliniudhi. Nikasema kimoyomoyo, laiti angenyamaza tu, niifaidi barabara. Tukaingia kwenye vilima. Akanyamaza.

Nilidhani amesinzia, nikaogopa ataanguka. Nikamtazama kwenye kioo. Macho yalikuwa wazi, yametulia, yanatazama mbali. Ikaja kona, na mke wangu, ambaye tangu nimuoe hukaa nyuma ya pikipiki wima kama mlingoti, akainama pamoja nami. Akanitangulia kidogo. Kona ya pili vilevile. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya harusi yangu, siwezi kuificha. Tulipita vilima vile kama watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote.

Jua lilipokuwa kali mkono ukanigusa bega la kushoto. Nikasimama. Palikuwa na kibanda cha chai, na basi limeegeshwa, abiria wananyoosha miguu.

Mke wangu hunywa chai ambayo kijiko kinaweza kusimama chenyewe kwa sukari. Aliipokea, akainywa ilivyo.

"Leo umeisusa sukari?" nikamtania.

Akatabasamu kwa upole. "Sijawahi kuipenda."

Akaweka kikombe, akavua kitambaa chake cha kichwani, akaenda kuipangusa taa ya mbele ya pikipiki, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Nikabaki kwenye benchi na chai yangu inapoa. Na hapo ndipo yule jirani mwenye mkongojo aliponijia akilini. Mkongwe vile, anaambiwa "wewe"! Kama yule mzee angekuwa mtu wa kumwambia mtu "nyinyi" kwa heshima, angeanza na yule. Nikaenda nyuma ya kibanda nikampigia mzee simu.

"Mzee, siku ile nilikuja peke yangu. Ulikuwa unasema na nani?"

"Hukuwa peke yako," alijibu, wala hakushangaa. "Alishatoka nyumbani, akakaa pale kibandani kukusubiri. Goti langu lilinishusha mimi. Yeye hakutaka kushuka. Ningefanyaje, nimfungie ndani? Nilikuuliza kama mtakuwa wawili, ukasema wawili."

"Mimi na mke wangu!"

"Mkeo umempakia wapi?" aliuliza.

"Si pale nyuma! Kuna wapi pengine?"

"Mshushe," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mpandishe gari lingine, sasa hivi. Kiti kile ni cha mtu mmoja, na wangu hajui kumpisha mtu. Bado anasema?"

"Anasema kidogo."

"Basi bado yupo. Usimrudishe pale, nakuomba."

Nikakata simu. Kondakta wa basi alikuwa ananadi nafasi, akiutaja mji wa binti yetu. Kilichotakiwa ni mimi kumshika mke wangu mkono na kumpandisha. Angenitukana njia nzima kwenye simu, na ningefika na mke mzima.

Nikamwendea. Alikuwa ameshavaa helmeti, anaisubiri safari. Akanikunja kola vizuri, akanitazama kwa mapenzi ambayo nyumbani kwetu yalishapigwa vumbi. Ng'ambo ya kibanda barabara ilikuwa inashuka bondeni kwa kona moja baada ya nyingine, kona nilizosikia sifa zake tangu nikiwa kijana. Nikasema mzee wa watu amechanganyikiwa na upweke. Nikasema tumebakiza kipande tu. Basi likaondoka. Mimi nikawasha.

Sitaeleza ule mteremko. Niliuendesha vizuri kuliko nilivyowahi kuendesha chochote, na tulipofika chini nilikuwa nalia ndani ya helmeti, maana nilikuwa nimemwita mke wangu njia nzima, nimemwita kwa majina yote ninayomwita, hata yale ya chumbani, na hakunifinya hata mara moja. Nikampigia kelele: "Nitukane! Nitukane basi!" Mikono yake ikanishika kiunoni, laini, kama ya mtu anayebembeleza.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipoingia mtaa wa binti yetu. Nilizima injini. Alishuka nyuma yangu wepesi, bila kulalamikia kiuno wala magoti, akavua helmeti, akasimama akizitazama nyumba kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa mlango. Nilimshika mkono. Ulikuwa na joto, ulikuwa ni mkono wake, na kovu lake la pasi lilikuwepo. Nikajipa moyo.

Mlango ukafunguliwa. Binti yetu akatoka mbiombio, peku, mtoto amemkumbatia kifuani ndani ya shali, uso umejaa kicheko.

"Mama!" akaita. "Mama, umefika!"

Na mke wangu akageuka, akatazama nyuma yake barabarani, kuona ni nani anayeitwa.