Adui Aliyeomba Chumvi

Usiku wa jana niliota niko kazini, kipaza sauti mkononi, katikati ya sehemu ya tisa ya tamthilia ya kigeni ninayoitafsiri kama dijei, kwa kurekodi sauti yangu juu ya picha, kwa ajili ya kibanda cha video cha hapa Ifakara. Msichana amesimama ndani ya nyumba, mkono juu ya komeo. Nje, mzee mwenye sharubu anabisha hodi.

Nikasema, kama nilivyozoea, "Adui amefika mlangoni."

Kipaza sauti kikakohoa. "Una uhakika?"

"Ana sharubu," nikajibu.

Kwa kawaida mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Lugha ya tamthilia hiyo nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi na daftari, na nusu yake bado sijaipata. Lakini kibandani watu wanataka kujua nani stelingi, yaani shujaa wa picha, na nani adui kabla bisi hazijapoa. Katika sehemu ya kwanza nilimwona mwenye sharubu akinyakua mtoto kitandani na kukimbia naye. Nikatangaza: adui. Kisha moshi ukajaa chumba kizima. Nilikuwa nimeshasema. Nikatafsiri kwamba mama mwenye nyumba anachoma nyama.

Sehemu nane tumezila kwa nyama hiyo.

Sasa mlango wa nyumba ile umekuwa mlango wa chumba changu. Nafungua. Mzee Sharubu, ndivyo nilivyombatiza, anaingia, na nyuma yake wapiga ngoma watatu.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba, dijei. Naomba chumvi."

Ngoma zinalia: du, du, duuu! Jirani yangu anapiga mayowe ng'ambo ya ukuta.

"Umesikia?" mzee anasema bila hasira. "Nikiomba chumvi, wanapiga. Nikipiga chafya, wanapiga. Tangu uniite adui, hawa hawajapumzika."

"Tuko kazini, mzee wetu," anasema mpiga ngoma mmoja kwa adabu.

"Yule binti ndiye mtoto niliyemtoa kwenye moto. Nimemtafuta miaka kumi na tisa. Lakini yeye anasikia Kiswahili chako tu. Asiponifungulia leo, tamthilia inaisha, nami nabaki nje moja kwa moja."

"Nikibadilisha sasa, stelingi atasemaje?"

"Muulize. Huyo hapo."

Chumba kimekuwa kibanda cha video, mchana kweupe, mabenchi yamejaa. Stelingi ameketi mbele, anachomoa risasi kwenye shati lake moja moja na kuzipanga ndani ya sahani. Kwa kuwa stelingi hafi, ana miaka mia moja na arobaini, na meno hana.

"Babu, siku ile ya moto ulitoka mbio kwenda kuita watu wamkamate adui," namwambia. "Ndivyo nilivyotafsiri."

"Sikuita mtu," anasema. "Nilikimbia. Wewe ukanipa maneno mazuri, nami nikanyamaza."

Bi Siwema, muuza bisi, anasimama. "Dijei, usituletee! Mwezi mzima tunamchukia mzee huyu. Mimi nimemsema vibaya hadi kwenye dua. Leo chuki yangu niipeleke wapi?"

"Mpe stelingi!" inasema sauti ya benchi la nyuma.

"Huyu kikongwe? Si atakufa?"

"Hafi," tunajibu wote.

Bi Siwema anamtazama stelingi, anatazama risasi, anasonya. "Basi kaa nayo wewe, dijei, uliyetugawia." Ananiwekea chuki mapajani. Ina uzito wa debe la mahindi, na bado ina joto. Naikubali. Kweli niliigawa mimi.

Kipaza sauti kinasogea karibu na mdomo wangu. "Sema taratibu," kinanong'ona.

"Watazamaji," nasema, "nilikosea. Ule moshi ulikuwa wa nyumba inayoungua. Mzee huyu aliingia ndani wakati mwenzake anatoka."

Wapiga ngoma wanatazamana. Mmoja anaweka ngoma yake chini, anaikalia.

Kwenye skrini, msichana anageuza kichwa, kama aliyeitwa. Vidole vyake vinakaza juu ya komeo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kompyuta ilikuwa mezani kama nilivyoiacha jana alasiri, picha imesimamishwa, mlango umefungwa. Dakika nilikuwa nimeiandika daftarini: thelathini na moja, sekunde ya nne. Nikalinganisha. Dakika ni ile ile, sekunde ni ile ile. Ila mlango umefunguka upana wa kidole, na kwenye ufa kuna jicho moja la mzee linasubiri.

Sikugusa kitu hapo. Nilifungua sehemu ya kwanza, nikaanza kufuta sauti yangu na kuisema upya, sentensi baada ya sentensi. Hadi jioni nilikuwa nimefika pale mzee anapoingia ndani kumchukua mtoto. Nimeweka alama hapo hadi kesho asubuhi. Sauti ilikuwa imenikauka, na pale panataka kusemwa vizuri.