Rimu za Gari la Bibi Harusi

Idarus, fundi wa mashua, hajawahi kuikataa kazi asiyoijua. Anazozikataa ni zile anazozijua.

Ndiyo maana Kaltuma, mkewe kwa miaka ishirini na sita, alipomkuta amezing'oa rimu zote nne za gari, matairi na kila kitu, na kuzilaza uani juu ya mkeka wa kuanikia samaki, alikaa kitako barazani akasema, "Yarabi toba!"

"Mama Rawda, usianze."

"Mie sijaanza. Gari liko juu ya matofali, leo Jumatatu, harusi Ijumaa. Nani kaanza?"

Harusi yenyewe ilikuwa ya Rawda, binti yao wa pekee, aliyekuwa akiolewa na Riyadh, mwana wa Bi Fardowsa. Bi Fardowsa alirudi Kismayu mwaka huu kutoka Ulaya. Pua alikwenda nayo, lakini aliporudi nayo ilikuwa imepanda juu. Kazaliwa Chovai, kisiwani, kakulia kwenye magamba ya samaki, na bado ukimsikia anavyosema "huku kwenu" utadhani kashushwa na ndege jana. Siku ya posa alilizunguka gari la Idarus, akaziangalia rimu zilivyochubuka na kuliwa na chumvi, akasema kwa huruma nyingi, "Msijisumbue. Bibi harusi tutamkodia gari. Hili lenu litabeba masufuria."

Idarus akaapa papo hapo, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Binti yake atatoka kwao kwa gari la babake, na rimu zitang'aa hata Bi Fardowsa apakie wanja humo. Wallahi! Kiapo kikishatoka hakirudi. Kaltuma aliumwa na yale masufuria kuliko mumewe, ila aliumwa kimya. Alitaka kitu kimoja tu: Rawda atoke kichwa juu, asije akasimangwa ukweni tangu siku ya kwanza.

Adnani, mpuliza rangi wa magari karibu na bandari, alimweleza Idarus kazi yote bure. Zioshe kwa maji matamu, si ya kisima chenu. Piga msasa, ziba mashimo kwa puti, piga msasa tena, tia praima, rangi ya kwanza ya kushikia, kisha rangi ya fedha kidogo kidogo. Ikikauka, malizia na laka iikinge na chumvi. Idarus aliitikia kila neno. Mtu asiyesikiliza huitikia sana.

Brashi ya meno ya Kaltuma ikaenda kusugua vumbi la breki. Kitambaa chake cha kuchujia tui kikaenda kufutia puti. Na ili rangi isiguse mpira, Idarus akachomeka kadi kati ya tairi na rimu, duara zima. Kadi gani? Za harusi! Zilibaki arubaini, za watu wa Chovai. Bi Fardowsa alisema zisipelekwe, bahari ni mbali. Bahari hiyo hiyo Bakri, kaka yake wa tumbo moja, huivuka karibu kila siku kuleta papa sokoni.

Jumatano rimu zilikuwa zimependeza. Haki isemwe, zilimetameta. Kaltuma alikaribia kumpongeza mumewe, na angempongeza kama laka isingekuwa imebaki.

"Laka ni ya makabati," Idarus alisema. "Mimi nimekarabati mashua thelathini na mbili. Ushaona mashua imepakwa laka? Chumvi haiogopi laka, Mama Rawda. Chumvi inaogopa mafuta ya papa."

"Idarus! Hilo ni gari!"

Alikuwa keshapaka. Mafuta aliyapata kwa Bakri, galoni zima, bila kulipa. Bakri, ambaye kwa lugha yao ya kisiwani mtu ni mchu, alimwambia, "Mpelekee dadangu salamu. Mwambie mchu asiyealikwa naye ana zawadi."

Kwa asiyejua, mafuta ya papa ni ini lililoachwa lioze mpaka likasalimu amri. Mashua ikipakwa huenda zake baharini na uvundo wake, na hapo ndipo penye hekima ya wazee. Gari linabaki mlangoni. Alhamisi rimu zilikuwa zimerudishwa garini, na majirani walikuwa wakipita upande wa pili wa njia. Kaltuma alichukua sabuni akasugua rimu moja. Rangi, iliyolainishwa na mafuta, ikamtoka mkononi kama ngozi ya kiazi kilichochemka. Akaacha haraka. Ilibaki achague rimu zinazonuka au rimu zenye ukurutu. Alichagua kunuka, akaleta chetezo, akazifukiza udi moja moja, akazinyunyizia marashi, huku akilia kwa hasira na kumwombea mumewe mambo ambayo mke hamwombei mume wiki ya harusi.

Asubuhi ya Ijumaa harufu ilikuwa ya udi. Alasiri jua lilikuwa limefanya kazi yake. Wakwe walipofika kumchukua bibi harusi, paka wa mtaa mzima walikuwa wamelizunguka gari, na mmoja alikuwa akilamba rimu ya mbele.

"Harufu gani hii?" Bi Fardowsa aliziba pua kwa ushungi. Alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Humu bibi harusi hapandi. Riyadh, ita gari jingine!"

Rawda alikuwa ameshika mlango wa gari. Wanja wake ulianza kuteremka. Idarus, fundi wa mashua thelathini na mbili, alikuwa akiangalia viatu vyake.

Hapo Kaltuma alipandwa na mori. Kumcheka Idarus ni haki yake, kaitolea jasho miaka ishirini na sita, na hajamwazima mtu.

"Bi Fardowsa, harufu hii huijui?"

"Nitaijulia wapi?"

"Mafuta ya papa. Yametengenezwa Chovai, kwenye ua ulimozaliwa wewe. Kaka yako Bakri ndiye aliyeyatoa, zawadi ya harusi ya mpwa wake. Kasema mchu asiyealikwa naye ana zawadi. Sasa ziba pua, lakini ujue unamzibia nani." Akavuta pumzi. "Na mkataa kwao, Bi Fardowsa..."

Akaiacha hapo. Iliyobaki hata watoto waliokuwa juu ya ukuta wanaijua.

Riyadh aliteremsha simu.

"Mjomba Bakri? Mama, si uliniambia mjomba alikufa vitani?"

Bi Fardowsa aliuteremsha ushungi puani. Kaltuma alikuwa na maneno mengine matatu tayari, makali kuliko ya kwanza, akayameza, maana alimwona kijana anamwangalia mamake kama mgeni.

Riyadh akamfungulia Rawda mlango, akamshika mkono akamkalisha. Kisha akamgeukia Idarus. "Baba, tupitie sokoni kwanza. Nataka kumwona mjomba wangu."

"Atakuwa amefunga," Idarus alisema kwa unyonge.

"Tutamgongea."

Rawda alifuta wanja, akanyanyua kichwa. Bi Fardowsa akapanda kando ya Rawda bila kuambiwa, ushungi mkononi, na pua hakuiziba tena. Kaltuma akapiga kigelegele kirefu, paka wakatawanyika, na gari likaondoka polepole kuelekea soko la samaki.