Joto la Chumba cha Nyuma

Fundi wa viyoyozi alifika Jumamosi saa tatu asubuhi, akavua viatu mlangoni, akauliza ni ukuta upi unaopigwa na jua la mchana. Ndilo swali lake la kwanza kila nyumba. La pili ni wanalala wangapi, maana mtu naye ni jiko dogo, na fundi asiyehesabu watu hufunga mashine isiyotosha, halafu anatukanwa kwa simu. Mwenye nyumba, mwalimu wa jiografia, alijibu kwamba chumba cha mbele analala yeye na mkewe, cha kati analala mdogo wake mshonaji na mtoto wake wa miezi tisa, na cha nyuma yumo mama.

"Mama si mlimzika?" fundi aliuliza. Alikumbuka kwa sababu alikuwepo, tena alibeba jeneza.

"Tulimzika mwezi wa pili," mwalimu alisema. "Yumo."

Fundi akaandika: mtu mmoja.

Walianza kupima. Chumba cha mbele kilikuwa nyuzi thelathini na mbili, na hiyo ni asubuhi. Cha kati thelathini na tatu, na mtoto alikuwa na vipele vya joto kuanzia shingoni hadi kiunoni. Cha nyuma, ambacho jua hukitwanga tangu saa saba mchana mpaka linapozama, kilikuwa nyuzi kumi na tisa. Fundi alikigonga kipimajoto kwa kidole, akakitazama tena, kikashikilia palepale. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anakunja nepi. Fundi akamwamkia, naye akaitikia, akamuuliza habari za mgongo wake, kwa kuwa mwaka jana alikuwa akilalamika mgongo. Ukutani juu ya kichwa cha mama ilikuwa bado ipo alama ya penseli, duara lenye alama ya kujumlisha katikati. Fundi mwenyewe ndiye aliyeichora huo mwaka jana. Ni mahali pa kutoboa.

Alama hiyo ina habari yake, wala si ndefu. Mwaka jana fundi aliitwa, akachora maduara matatu, moja kila chumba, akaambiwa atapigiwa simu. Kisha familia ikaanza vikao. Mwalimu alisema wasubiri, upepo utageuka mwezi wa tatu, na akawaonyesha kwenye ramani utakapotokea. Mkewe, ambaye anauza kwenye duka la dawa ambako kiyoyozi hunguruma kutwa kwa ajili ya vidonge, alisema kikifungwa kimoja tu watanuniana humu ndani, kwa hiyo ama vitatu ama basi. Mshonaji alisema yeye hana usemi, maana amerudi kwao na mimba na cherehani. Kila kikao kiliishia kwa kumuuliza mama, na kila mara mama alijibu hivihivi: "Mimi sina neno. Anzeni na watoto."

Wakamwamini. Hilo ndilo kosa lenyewe, na hakuna wa kusingizia kwamba hakujua. Mwanamke yule alikuwa hana neno tangu wakiwa wadogo. Hakuwa na neno alipopakua chakula kikaisha kabla hakijafika kwenye sahani yake, hakuwa na neno alipouguza jino mwezi mzima. Wanawe wote wawili walikuwa wanalijua vizuri neno lake la kutokuwa na neno, ila safari hii liliwafaa, wakalichukua lilivyo. Vikapita vikao vinne. Wahenga wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini ya wale yalikuwa salama salimini.

Mwezi wa pili ikaja siku ambayo hata lami ya barabarani ilishika viatu. Mchana huo mama alichomoa feni yake, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa inafanya kazi mle nyumbani, akaibeba mpaka chumba cha kati, akaielekeza kwa mjukuu wake, aliyekuwa na wiki tano tu duniani. Mshonaji aliiona ile feni. Hakuuliza imetoka wapi kwa sababu alijua, na mtoto alikuwa amenyamaza, na yeye alikuwa na sare ishirini za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu. Saa kumi alipompelekea mama dawa ya presha, alimkuta amelala chali. Kitambaa alichokilowesha akajiwekea kifuani kilikuwa kimekauka. Dawa mkononi mwa mshonaji zilikuwa za baridi, kwa kuwa boksi lake liliagiza zihifadhiwe mbali na joto, nao walizihifadhi kwenye mlango wa friji siku zote bila kukosea. Mama hakuwa na boksi la kuagiza.

Mama alirudi wiki ya sita baada ya maziko, siku ya Jumanne. Mshonaji aliingia chumba cha nyuma kuchukua uzi wa bluu kabatini, akamkuta amekaa kitandani, akamsalimu, akachukua uzi, akarudi kwenye cherehani. Alishona mkono mmoja wa shati ukaisha. Ndipo akalia, akalia sana, mpaka ikabidi shati lile lifuliwe.

Baridi iligunduliwa na mke wa mwalimu, ambaye kazini kwake hulipwa kwa kuangalia vipimajoto. Alipopita koridoni alihisi miguu imepoa. Tangu siku hiyo akawa anajilaza mchana kwenye mkeka karibu na kitanda cha mama, na mwalimu akafuata na madaftari yake ya kusahihisha. Mama aliwapisha, akasogea ukutani. Kwa hiyo miezi ikaenda vizuri, mpaka msimu wa joto ulipoanza tena na mtoto akatoka vipele, na mshonaji akampigia fundi simu bila kumwambia mtu.

"Anza na hiki," alimwambia fundi sasa, mbele ya wote, akionyesha duara la chumba cha nyuma.

Mke wa mwalimu alicheka, si kwa ubaya. Alisema wifi yake anataka kuliwekea friji friji. Mshonaji hakubishana. Alimshika fundi mkono, akauweka mgongoni kwa mama, kati ya mabega.

Gauni lilikuwa limelowa chapachapa. Chini ya gauni mgongo ulikuwa wa moto kama pasi. Fundi aliutoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akaenda dirishani, akatazama nje. Nje hapakuwa na kitu isipokuwa kamba ya kuanikia nguo.

"Watu wanadhani sisi tunatengeneza baridi," alisema. "Baridi haitengenezwi. Tunahamisha joto tu. Likitoka ndani, lazima lipate pa kukaa, ndiyo maana kuna lile boksi la nje, ukipita karibu linakuunguza." Akamtazama mama. "Hapa boksi la nje ni yeye."

Mwalimu alielewa, kwani somo hilo analifundisha kidato cha pili. Alichuchumaa mbele ya mama yake, akaishika ile nepi aliyokuwa anaikunja, akamuuliza kama anasikia joto. Jasho lilikuwa linamtiririka mama kidevuni.

"Mimi sina neno, mwanangu," alisema. "Anzeni na watoto."

Fundi alisema keekee ya kutobolea anayo kwenye gari. Alama ipo, saa moja na nusu kazi imekwisha. Mwalimu akamwomba asubiri kidogo, wakakaa kikao cha tano palepale koridoni, wamesimama. Mke wa mwalimu alisema kwa upole, maana yeye si mtu mbaya, kwamba haoni sababu ya kutoboa kuta wakati mama anaweza kupangiwa zamu: mchana chumba cha kati kwa ajili ya mtoto, jioni chumba cha mbele. Mwalimu alisema mgeni njoo mwenyeji apone, kisha akajisikia vibaya kwa kulisema, lakini akawa ameshalisema.

"Tulimuua kwa neno lake hilohilo la kutokuwa na neno, kaka," alisema mshonaji.

"Amekwisha kufa, mdogo wangu," mwalimu alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hawezi kufa tena."

Hilo lilikuwa kweli. Wawili wakawa upande mmoja, mmoja upande wa pili. Fundi aliuliza kama afute maduara, akaambiwa ayaache, huenda siku moja. Akamuaga mama, mama akampa pole ya jua, akavaa viatu vyake mlangoni akaondoka. Mshonaji alisema hataki zamu yoyote, mama hatatia mguu chumbani kwake, na Jumapili nzima alishinda chumba cha nyuma akimpepea kwa kipande cha boksi. Kadiri alivyompepea ndivyo chumba kilivyozidi kupoa, na ndivyo mgongo wa mama ulivyozidi kulowa. Kufikia jioni akakiweka chini.

Jumatatu joto lilifika nyuzi thelathini na saba. Mwalimu na mkewe walikuwa kazini. Mtoto alianza kulia saa sita, vipele vingine vimepasuka, akakataa ziwa, akakataa maji, akalia mpaka sauti ikakauka. Mshonaji alimbeba, akamlaza, akambeba. Alipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kati, hajavuka kizingiti, anangoja aambiwe.

Mshonaji alimlaza mtoto. Kisha akachukua kiti, akakiweka palepale feni ilipokuwa imesimama, akamshika mama mkono, akamkalisha.

Mtoto alinyamaza, akalala. Gauni la mama lilikuwa limeanza kulowa mabegani. Safari hii mshonaji alimwambia asante. Halafu akafunga mlango ili baridi isitoke, akarudi kwenye cherehani.