Barakoa Zilizopimwa kwa Pilipili

Alinanuswe hakuwa na shaka hata kidogo na pilipili. Kijijini kwao Isansa, alipokuwa msichana, mama yake alizichoma kwenye makaa ndani ya ghala la mahindi, na panya walitoka mbio kama wamesikia jina lao likitajwa. Sasa alikuwa mama lishe Tunduma, akiwauzia wali na maharage madereva wa malori yaliyopanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Kwa hiyo Boazi alipoleta barakoa za gesi, aliyejua namna ya kuzipima alikuwa yeye.

Boazi alikuwa muuza mitumba. Alifungua belo akitegemea makoti, akakuta barakoa za kijeshi za mpira mweusi, zenye macho ya kioo na kikopo cha chujio mbele. Mtu mwingine angelia. Boazi alimshukuru Mungu, kwa sababu wiki mbili nyuma lori moja lilikuwa limevujisha tindikali pale foleni na mtaa mzima ukakohoa siku tatu.

"Bamayo," alimwambia Alinanuswe, kwa kile Kibemba chake cha kuwaitia "mama" wateja wa ng'ambo, "hizi ni za askari. Huko vitani wanarushiana mabomu ya sumu, na mwenye hii anakaa anakula chakula chake. Kama inazuia bomu, itashindwa na lori?"

"Anakulaje na mdomo umezibwa?" Alinanuswe aliuliza.

Watu walicheka, lakini hakuna aliyenunua. Ndipo Alinanuswe aliposema maneno ambayo baadaye angetoa chochote ili ayarudishe.

"Tuzipime."

Jiko lake lilikuwa banda la mabati lisilo na dirisha. Alimwaga konzi mbili za pilipili kavu kwenye makaa, akafunga mlango. Wa kwanza kuingia alikuwa mumewe, Shadrack, fundi wa kuziba pancha za malori. Bila barakoa, hakuna ambaye angemaliza Baba Yetu humo ndani. Shadrack aliimba wimbo wa kwaya beti zote tatu, akatoka, akaivua barakoa, macho yake makavu kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele.

Siku hiyo Boazi aliuza mpaka akakosa sauti. Kila aliyenunua alipita kwanza jikoni kwa Alinanuswe. Moshi ukipenya, yeye alikaza mikanda. Mwenye ndevu alimrudisha nyumbani akanyoe. Zilizofaulu alizitia alama ya chaki, na hakuna mwalimu aliyewahi kutia alama kwa maringo kama yale. Felista, jirani yake fundi cherehani, alimnunulia mwanawe, na Alinanuswe aliifunga ile barakoa na kuifungua mara nne hadi ikakaa. Penye wengi hapaharibiki neno, wakasema, nao walikuwa wengi kweli.

Aliyekataa ni Bibi Dina, ajuza aliyeishi peke yake kule chini korongoni. Aliivaa, akavuta pumzi mara mbili, akaivua.

"Nikitaka kufa kwa kukosa hewa, wajukuu zangu, sihitaji kununua."

Shadrack aliona kwamba tarehe iliyochapwa kwenye kikopo ilikuwa imepita zamani sana. Hakujali. Tairi ambalo halijawa kipara, alisema, bado linatembea.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, lori liligonga kwa nyuma lori jingine lililobeba mitungi ya klorini, ile ya kutibia maji. Koki ya mtungi mmoja ikapasuka. Ikaja harufu ya dawa ya kung'arishia mashuka, ila kali ya kukaba koo. Kilichotoka hakikupanda juu kama moshi. Kilikuwa na rangi ya manjano yenye ukijani, na kilitambaa chini kwa chini, kikafuata mtaro kuelekea korongoni. Dereva wa mitungi ile, aliyeijua bidhaa yake, alikimbia kupanda mlima huku upepo ukimpiga usoni, akipiga kelele watu wamfuate.

Alinanuswe alimbeba binti yao Goodness mgongoni akamfuata. Shadrack alikuwa nyuma yake, begi la mtoto mkono mmoja, barakoa mkono wa pili. Walikuwa wamefika nusu ya mlima mtu aliposema, "Bibi Dina je?"

Shadrack alisimama. Alimtazama mkewe, na mkewe akajua anaulizwa nini. Angeweza kusema hapana. Alichofanya ni kupokea begi, kumvalisha barakoa kwa mikono yake mwenyewe, na kukaza mikanda mmoja mmoja, vile alivyowakazia watu wote.

"Imekaa," alisema. "Nenda."

Walipofika kanisani juu, Bibi Dina alikuwa ameketi kwenye ngazi, kitenge kibichi mdomoni. Harufu ya kwanza tu ilikuwa imemkera, akaondoka zake. Alinanuswe alipiga simu ya Shadrack. Ikalia ndani ya begi alilolishika yeye.

Zimamoto walimtoa baadaye, wenyewe wakiwa na mitungi ya hewa migongoni. Walimkuta nyumbani kwa Bibi Dina, mkono umenyooshwa chini ya kitanda akimtafuta. Barakoa ilikuwa bado usoni, imekaza vilevile. Alifariki hospitalini Jumamosi.

Bwana afya alimweleza Alinanuswe bila kumzungusha. Moshi wa pilipili ni chembe, alisema, na chujio kuukuu bado hukamata chembe. Klorini ni gesi. Hiyo huzuiwa na dawa iliyo ndani ya kikopo, na dawa ile ilikuwa imekufa miaka mingi. Hata kikopo kipya huzuia gesi fulani tu, kwa muda fulani tu. Askari huambiwa ni sumu gani na huvaa ili atoke.

"Ni ya kutokea, mama. Si ya kuingilia."

Msibani wanawake walijaa mkekani, nao waliokuwa wakimfariji walimfariji kwa kisu. Walisema bila barakoa Shadrack asingefika hata hospitali. Walisema Boazi ameagiza belo jingine. Mjane hukaa kimya, ndivyo alivyofundishwa, na Alinanuswe alikaa kimya mpaka akashindwa. Akasimama katikati yao.

"Nisikilizeni. Pilipili yangu ilidanganya. Mimi ndiye niliyemfunga mikanda, mimi ndiye niliyemwambia nenda. Mkisikia ile harufu, bebeni watoto, pandeni juu, upepo uwapige usoni. Msisimame kuvaa kitu."

Mtu mmoja alianzisha wimbo, ukafia njiani. Uchungu ulimjia Alinanuswe upya, akakaa.

Baada ya muda Felista alisogea kwenye mkeka, akamshika mkono. Alikuwa amelia hadi macho yamevimba. Aliuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

"Mama Goodness, hata barakoa ya mwanangu? Si uliikaza mwenyewe, haikupitisha moshi kabisa?"

"Hata ya kwake, Felista," alisema Alinanuswe. "Ya Shadrack nayo haikupitisha."