Harufu ya Ndizi Mbivu

Wale wanaosema fuata nyuki ule asali waulizwe kwanza kama wamewahi kukaa na nyuki na mzee aliyepotewa na kumbukumbu katika jengo moja. Mama Nyuki alikuwa na vyote viwili: mizinga mitatu juu ya paa, na baba yake mzazi chini ya paa hilo hilo, kwenye kiti cha dirishani, akiuliza kila saa kama maji yametoka.

Jina hilo alipewa na wapangaji. Mwanzoni lilikuwa la kejeli, maana nani mwenye akili zake anafuga nyuki juu ya vichwa vya watu? Halafu alipoanza kugawa mchicha na nyanya za kwenye magunia, na asali kidogo kwa kila mlango, kejeli ikalainika na jina likabaki. Alikaa ghorofa ya juu kabisa. Kutoka mlangoni pake zilipanda ngazi fupi za saruji hadi kwenye mlango wa chuma, na nje ya mlango huo ndiko ilikokuwa bustani: magunia ya udongo, mapipa yaliyokatwa katikati, matangi mawili makubwa ya maji, na nyuma ya matangi, mbali na macho ya watu, mizinga.

Kaka yake, aliyeishi mji mwingine na aliyependa sana kusaidia kwa simu, alimwambia wazi. "Mdogo wangu, nyuki na mzee hawakai nyumba moja. Chagua."

"Mlango nitautia komeo," alijibu.

Akalitia kweli. Komeo nene la chuma, upande wa ndani, juu kabisa, asikoweza kufika mtu aliyepinda mgongo. Fundi wa kuchomelea alimtania kwamba hata magerezani hawana komeo kama lile. Lakini yeye hakucheka. Alilitia kwa ajili ya baba yake, ili yeye mwenyewe alale usingizi bila kumwazia.

Mzee alikuwa fundi bomba maisha yake yote. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Kichwa ndicho kilichoanza kuvuja. Mzee alimwita binti yake shangazi, au mama, au wewe binti, kutegemea ameamkaje. Jina moja tu halikumtoka: Chiriku. Ndilo alilompa binti huyo huyo alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa anaongea kutwa bila kupumzika. Shida ni kwamba Chiriku wake hakuwa amekua. Alikuwa bado mtoto wa kushikwa mkono akivuka barabara, na mzee alimtafuta chumba hadi chumba.

"Chiriku amekula?"

"Amekula, baba," Chiriku mwenyewe alijibu, mwanamke mwenye mvi kichwani, huku akimfuta mdomo.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mama Nyuki alikuwa anapandisha magunia ya samadi, na mtu mwenye gunia mgongoni hana mkono wa tatu wa kufungulia komeo. Akauzuia mlango kwa tofali ubaki wazi. Alijua haifai. Alijiambia ni mara moja tu, maneno ambayo yamewazika wengi. Mzee alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, na mbele yake sahani ya ndizi, chakula pekee alichokula bila kubembelezwa.

Akashuka hadi chini kabisa kuchukua gunia la mwisho. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa zamani, ila hakuna aliyeizika. Kila ghorofa aliegemea ukuta kupumzika, gunia mgongoni, kila ghorofa alitukana kimoyomoyo. Alipofika juu alipita mlangoni pake bila kuchungulia, maana ukitua mzigo kabla ya kufika huunyanyui tena, akapanda ngazi za mwisho na kulibwaga gunia juani.

Hapo ndipo alipoisikia. Harufu ya ndizi mbivu.

Kila mfuga nyuki anaijua harufu hiyo na kila mmoja anaiogopa. Nyuki akidunga huacha mwiba, na pale kwenye mwiba huacha harufu kama ya ndizi, na harufu hiyo ni mbiu ya vita. Wenzake wakiipata, wote huja kumalizia pale pale. Ndiyo maana Mama Nyuki hakuwa akigusa ndizi siku ya kufungua mizinga. Mwanamke aliyemfundisha kazi, mkali kuliko nyuki wenyewe, alimtia hayo masikioni mpaka yakawa kama sala: ukiisikia, usiulize, usipunge mikono, usirudi kuangalia. Toka, funga, waache hadi giza liingie.

Na sauti nayo ilikuwa imebadilika. Nyuma ya matangi haukuwa tena ule mvumo mzito wa kazi. Ulikuwa mwembamba, wa juu, wa hasira. Madoa meusi yalianza kuzagaa juu ya tangi la kwanza. Nyuki mmoja akaja moja kwa moja na kumgonga kwenye paji la uso bila kudunga, kama mtu anayekusukuma kifuani kabla ya kukupiga. Ovaroli yake na kofia ya wavu vilikuwa vinaning'inia kwenye kamba kule kule karibu na matangi, vimefuliwa jana, vinakauka kwa raha zao.

Aliogopa. Tusifiche.  Alirudi kinyumenyume, akalipiga tofali teke, akauvuta mlango na kulisukuma komeo mpaka mwisho. Halafu akasimama gizani kwenye ngazi, anahema, akiwaza watoto wa ghorofa ya chini na madirisha yao yaliyo wazi. Amewahi. Hata akajisifu kidogo.

Akaingia kwake kufunga madirisha. Kiti kilikuwa kitupu.

"Baba?"

Chooni hakuna mtu. Chumbani hakuna mtu. Mezani sahani ilikuwa pale pale, imebaki shina la chane tu. Na kwenye kisanduku cha vifaa chini ya kiti, kile ambacho mzee hakuruhusu mtu akiguse, spana kubwa haikuwepo.

Aliangalia lile shina. Harufu ya juu ilimrudia puani na safari hii akaielewa. Nyuki wake wakikasirika hunukia kidogo, mpaka uwe na pua iliyozoea. Ile ya leo ingesikiwa hata na mwenye mafua. Zilikuwa ndizi za kweli, mkononi mwa mtu, nyuma ya tangi la maji. Na yeye amemfungia huko, na nyuki, kwa komeo alilolitia kwa ajili yake.

Akatoka mbio. Alijikuta mlangoni kwa jirani wa mkabala, mshonaji, mwanamke mnene wa maneno mengi ambaye mashine yake hailali.

"Umemwona baba?"

"Kapita hapa muda si mrefu. Kabeba ndizi na spana. Kaniambia tangi linavuja, anakwenda kukaza." Mshonaji aliinua uso na kuacha kukanyaga mashine. "Si mlango ulikuwa wazi? Nikajua uko naye."

"Nimefunga. Yuko juu. Nyuki wamechafuka."

Mshonaji aliisukuma mashine pembeni, akasimama. Mama Nyuki alikuwa tayari ameleta bomba la moshi la kutulizia nyuki kutoka jikoni na anajaribu kuwasha kipande cha gunia, lakini njiti zilizimika moja baada ya nyingine. Jirani akamnyang'anya, akawasha yeye, akaanza kuminya mivukuto yake ya hewa mpaka moshi ukatoka.

"Uso wako je? Nguo ya kazi iko wapi?"

"Juu."

Mshonaji alitazama huku na huku chumbani mwake. Palikuwa na suruali za watu, mapazia, na ukutani, kwenye hanga, shela ya bibi harusi, nyeupe, ya wavu mwembamba, ya mteja wa Jumamosi. Aliiangalia kwa uchungu wa kweli.

"Chukua," alisema. "Ikichanika nitajua la kumwambia."

Kwa hiyo Mama Nyuki alipanda kumwokoa baba yake amevaa kandambili na shela ya harusi, na jirani nyuma yake anapuliza moshi na kukohoa. Kama si hofu, angecheka. Alikuwa anawaza kitu kimoja tu, moyo wa mzee. Daktari alishasema ule moyo hautaki misukosuko. Miba michache angeistahimili. Mizinga mitatu je?

Alisikiliza mlangoni. Nje kulivuma. Hakukuwa na kelele za mtu, wala hakuna aliyebisha, na hilo lilimwogopesha kuliko yote, kwa sababu mtu mzima anayeumwa na nyuki na kukuta mlango umefungwa hubisha mpaka uvunjike.

Akavuta komeo, akasukuma. Mlango ulisogea kidogo, ukarudi. Akasukuma kwa bega. Ukarudi tena. Akaona picha ya mwili ulioanguka na kuuegemea mlango.

"Usifungue," ilisema sauti upande wa pili.

"Baba. Baba, ni mimi. Sogea nifungue."

"Nimesema usifungue. Kuna nyuki huku, wataingia ndani."

"Wanakuuma, baba. Sogea."

"Mtoto yuko ndani." Alikuwa anaongea kwa shida, kama mtu mwenye pamba mdomoni. "Chiriku yuko ndani. Wewe ni nani?"

"Ndiye mimi Chiriku."

Nyuki walivuma. Mlango ulisukumwa kwa nguvu zaidi kutoka nje.

"Chiriku ni mtoto," mzee alisema kwa hasira. "Usinichezee, mama. Funga."

Sasa ndipo alipoelewa kwa nini hakubisha. Alikuwa ameupa mlango mgongo wake na kuukaza kwa miguu, yule fundi wa kubeba mabomba mabegani, na hakuwa na nia ya kutoka pale. Angeweza kumsukuma. Wawili wangemshinda. Lakini angeanguka kifudifudi kwenye saruji, na mzee akivunjika nyonga ndiyo basi tena. Nyuki mmoja alipenya kwenye upenyo, kisha wa pili. Mmoja akamdunga kwenye kiwiko, na harufu ya ndizi ikapanda kutoka kwenye mkono wake mwenyewe.

"Mwambie kitu," mshonaji alinong'ona. "Mwambie chochote."

Mama Nyuki alilia. Halafu akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa anaongea na mtu huyu. Mama yake hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa analisema jambo mara moja, polepole, na mumewe akalifanya huku ananung'unika. Alikuwa amezikwa miaka mingi, na binti yake hakuwahi hata kwa mzaha kumwigiza. Aliona kama anaiba.

"Baba Chiriku," alisema.

Mlango ukatulia.

"Mtoto nimeshampeleka kwa jirani. Nyumbani hakuna mtu. Ingia, chai inapoa."

"Umempeleka?"

"Nimempeleka. Na madirisha nimefunga."

"Kavaa viatu?"

"Kavaa."

Uzito ukaondoka mlangoni. Mama Nyuki alifungua, na kilichokuwa kimesimama pale hakukitambua mara moja. Kope zilikuwa zimefunga macho, masikio yamevimba mara mbili, na nyuki wanatembea kwenye nywele zake nyeupe. Mkono mmoja bado ulikuwa umeshika ndizi iliyopondeka. Alimfunika kwa shela, akamvuta ndani, jirani akawafukiza wote wawili mpaka wakakosa pumzi, komeo likarudi mahali pake.

Walimkalisha sakafuni kwa mshonaji. Jirani alishuka mbio kutafuta gari na wanaume wa kumbeba, na sauti yake ilisikika ikiamrisha ghorofa baada ya ghorofa. Mama Nyuki alibaki akikwangua miba kwa ukucha, kwa sababu ukiivuta kwa vidole unaikamulia sumu ndani. Shingoni, mgongoni, nyuma ya masikio. Mgongo ndio uliokuwa na michache. Ulikuwa umeegemea mlango. Kila mara aliweka sikio kifuani kwake. Pumzi ilikuwa inapiga mluzi, lakini ilikuwa inaingia na kutoka.

"Mtoto hawakumuuma?" mzee aliuliza.

Mama Nyuki aliuvuta mkono wake uliovimba, akauficha chini ya shela.

"Hawakumfikia."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kope zake zilijaribu kufunguka zikashindwa. Wanaume walianza kusikika wakipanda ngazi.

"Kuna mtu alifunga," alisema. "Nilikuwa nakuja mbio. Nimefika pale tu, nikasikia komeo."

Ukucha wa Mama Nyuki ulisimama shingoni mwa baba yake.

"Mwenye akili huyo," mzee alisema. "Angeuacha wazi wangeshuka mpaka kwa mtoto. Ukimwona, mwambie nimeshukuru."

Alitaka kumjibu. Sauti yake mwenyewe haikutoka, basi akatumia ile ya mama yake.

"Nitamwambia," alisema, akaendelea kukwangua.